Globu za Ishirini na Nne

Hebu mwone Alute anavyokuja. Hayuko kwenye lori. Leo anakuja kwa miguu, saa nne asubuhi, anashuka kutoka upande wa kisima kuelekea ghala la kijiji. Shati lake la kaki limepigwa pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, utadhani anakwenda kubatiza mtoto. Mkononi ana funguo za lori. Ameagizwa aje nazo. Watu waliokaa nje ya ghala wakimwona wanainamisha macho. Majuzi tu walikuwa wanamwita "dereva wetu".

Huo ulikuwa mwaka sabini na tano, mwaka mmoja baada ya sisi kukusanywa kijijini. Kijiji chetu, upande huu wa Mtinko, kilikuwa na lori moja la petroli, na lori lilikuwa na Alute. Udereva alijifunza kwa wajenzi wa barabara kabla ya Uhuru. Miaka kumi na minne hakuwahi kugonga hata kuku. Pombe hakuigusa, na ungemwambia onja kidogo angekukasirikia. Asubuhi ile kikao kilikuwa kinataka kumnyang'anya usukani na kuandika kwamba alikuwa mlevi.

Nikueleze ilivyokuwa, halafu useme mwenyewe kama nakasirika bure.

Tangu mwezi wa saba Alute alikuwa analalamika kuhusu taa za mbele. Globu zilikuwa zimezeeka, vioo vyake vimekuwa vyeusi kwa ndani. Akaomba kikaoni anunuliwe mpya, tena zenye nguvu kidogo, kama zile za gari la misheni. Akaandika kwenye karatasi: volti kumi na mbili, wati zizidi za zamani. Karatasi akapewa Stefano, mtunza bohari wetu, aende nayo mjini Singida.

Stefano akarudi na globu za volti ishirini na nne. Akasimama mbele ya kikao, akaziinua juu.

"Ndugu wanakijiji! Dereva aliomba kumi na mbili. Mimi nimepata ishirini na nne. Mara mbili!"

Tukapiga makofi. Mwenyekiti Gaspari akauliza nani anaunga mkono. Mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwamo. Nikufiche nini?

Alute peke yake ndiye aliyesimama. "Ndugu Mwenyekiti, volti si nguvu ya globu. Volti ni lazima ilingane na betri, na betri yetu ni ya kumi na mbili. Ni kama plau la ng'ombe wanne, ukalifunga kwa wawili. Litasogea? Halitasogea. Mwanga unatafutwa kwenye wati."

"Alute, umekuwa bwana shamba siku hizi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, watu wakacheka.

Gaspari hakucheka. "Kikao kimepitisha. Au unapinga wanakijiji?"

Neno hilo, miaka ile, lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Alute akakaa. Akaomba basi arudishiwe hata zile za zamani. Stefano akasema utaratibu ni kurudisha bohari ndipo upewe mpya, na za zamani zilisharudishwa, naye alishazitupa shimoni.

Wiki ya tatu baada ya kufungwa globu hizo, Alute alitumwa mjini kuchukua mbegu. Mizigo ikachelewa kupakiwa. Akaomba alale huko, akaagizwa kwa simu ya upepo arudi siku ileile, watu wanasubiri kupanda. Giza lilimkuta njiani. Alikuja polepole kama anayebeba mayai, na bado, karibu na shamba la mama Marietha, aligonga maksai. Miguu ya mbele ikavunjika. Ikabidi achinjwe palepale, na kikao kikasema dereva alikuwa amelewa.

Marietha alikuwa mjane, na maksai wake walikuwa wawili tu, jozi moja ya plau. Mvua ilikuwa inakaribia. Ukitaka kuelewa kilio chake, jiulize mtu analima vipi na ng'ombe mmoja.

Sasa turudi pale ghalani. Alute akaweka funguo mezani, akaomba jambo moja kabla ya kikao kuamua.

"Ghala ni tupu na halina dirisha. Niruhusuni niingize lori. Mnipe ng'ombe mmoja asimamishwe kule mwisho. Tufunge milango."

"Kwa nini?" akauliza Gaspari.

"Mlevi ana maneno mengi, Mwenyekiti. Nivumilie."

Watu wakaguna, lakini walitaka kuona. Lori lililoegeshwa kando ya ghala likaingizwa, funguo zikarudishwa mezani, ng'ombe akapelekwa mwisho, hatua kama thelathini. Hapo alikuwapo pia Anselm, dereva wa misheni. Aliposikia habari ya maksai alimwomba Padre globu mbili za akiba, akazileta zimefungwa kwenye gazeti.

Alute akamwendea Marietha, aliyekuwa ameketi peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti kavu.

"Naomba ukakae kwangu, pale kwenye usukani."

"Mimi? Nikilipeleka Singida na ukuta wenu?"

"Limezimwa. Kaa utuambie unachokiona."

Akapandishwa. Milango ikafungwa, giza likawa giza. Alute akawasha taa.

"Unaona nini, mama?"

"Naona wekundu. Kama jiko la mtu aliyelala."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Sisi wote tulikuwa nyuma ya lori, tunachungulia. Hakuna aliyemwona. Tulisikia tu kwato zake.

Alute akashika bisibisi. Anselm akamshikia kurunzi. Zikatoka ishirini na nne, zikaingia kumi na mbili za misheni. Taa zikawaka, na ukuta wa mwisho ukawa mweupe kama unga.

"Mungu wangu!" Marietha akapiga kelele. "Huyo ni wangu! Ni mwenzake yule! Nani kamleta? Mnaona lile sikio, nililikata mwenyewe!"

Akashuka bila kusaidiwa, akasimama mbele yetu. "Nimemlea kwa mikono hii. Nimekaa hapo, gari limesimama, nimeshindwa kumwona. Huyu angemwonaje yule mwingine, tena gari linatembea? Stefano, globu ulinunua wewe."

"Kikao kilipitisha," Stefano akajibu.

"Kikao kilimwamini mtunza bohari," akasema mtu wa kikao.

Wakatupiana hivyo kama watoto na mpira wa matambara. Hapo nilidhani haki imepatikana. Lo! Gaspari akakohoa.

"Suala la globu tumelisikia. Hilo ni la manunuzi, tutalijadili siku yake. La leo ni nidhamu ya dereva." Akafungua daftari. Maamuzi yalikuwa yameshaandikwa, yamegongwa muhuri tangu jana yake. Kwa huruma, alisema, atafuta neno "mlevi" na kuweka "mzembe".

"Ng'ombe ni wangu!" Marietha akasema. "Mimi simlaumu tena!"

"Ng'ombe ni wako, mama. Lori ni la wanakijiji."

Funguo zikachukuliwa pale mezani mchana kweupe, akapewa Melkiori, aliyezoea trekta. Na hakuna mkono ulionyooshwa kupinga, wala wangu. Bado unaniuma.

Jioni ileile Melkiori alitakiwa kuwapeleka kina mama na watoto wagonjwa hospitali ya mjini. Walikuwa wameshapanda, wamekaa juu ya mikeka. Anselm akamvuta Alute pembeni, bisibisi mkononi, uso umemwiva kwa hasira.

"Globu hizi niliziomba kwa ajili yako, si kwa ajili yao. Zao za ishirini na nne zipo pale chini, wazipende wenyewe. Sema neno moja tu, ndugu yangu. Nizing'oe?"

Alute alimtazama, akatazama lori, akatazama lile daftari kwapani mwa Gaspari.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa Alute, ungemjibu nini?