Barua za Gari Nililolitoa

Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri cha duka la magari, nimekwenda kubadilishiwa oili, mwanamke wa mapokezi aliponiita mezani kwake na kuniuliza lile gari langu dogo la kijivu liko wapi siku hizi.

Nikamwambia nimekuja na gari moja tu, lile jeupe pale nje. Akaigeuza skrini nione. Kwa jina langu, kwa anwani yangu ya Stafford, Texas, palikuwa na magari mawili ya kampuni ileile, na la pili lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu. Akasema kampuni imeniandikia barua kumi na moja kuhusu hilo la pili. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma maagizo ya dawa, kwamba halifai kuendeshwa hata kuja pale dukani kwao. Kasoro iko kwenye mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, ule unaofutuka gari likigonga ili uso wako usipasuke. Kikopo cha chuma kinachoujaza mfuko ule kinachakaa kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na kikilipuka, vipande vyake vinamrukia dereva shingoni na kifuani.

Mimi ni nesi. Sikuhitaji kuelezwa kilichoko shingoni.

"Kuna mtu analiendesha?" akaniuliza.

"Kila siku," nikasema.

Lilikuwa gari la kwanza nililonunua nilipofika huku kutoka Kenya. Kanisani kwetu, mtaa wa Alief, tuna desturi yetu: ukishasimama kwa miguu yako mwenyewe, gari lako la kwanza huliuzi, unampa aliyefika juzi. Tunaliita gari la kuanzia. Mimi langu nilimpa mama mmoja Mkongo, mkimbizi, mjane mwenye watoto wawili, aliyekuwa akitembea juani saa nzima kufika kazini. Siku ya kumkabidhi, mchungaji aliweka mkono juu ya boneti akaomba, mama yule akalia, nami nikalia, na nisiseme uongo, nilijiona mtakatifu kabisa. Nilikwenda nyumbani nikijipenda. Mwaka uliofuata mama akahamia Fort Worth, mwendo wa saa nne kutoka kwetu, ambako alipata kazi kwenye ghala la kupakia mizigo, na gari likaenda naye.

Logibuku, ndivyo sisi Wakenya tunavyoiita karatasi ya umiliki hata huku, niliisaini nikampa mkononi. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zake za ukimbizi. Kwenda ofisini kubadilisha jina, hakuna aliyekwenda. Mimi nilidhani ataenda, yeye alidhani nimeshakwenda. Kila mwaka stika mpya ya usajili wa gari ilikuja kwangu, nikaitia kwenye bahasha nikamtumia. Kwa hiyo barua zote za gari lile zilikuwa zikipitia kwenye sanduku langu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamua ipi ni barua na ipi ni takataka.

Anayeishi huku ananielewa. Hazipiti siku mbili bila bahasha yenye maandishi mekundu, muhimu sana, fungua mara moja, na ukifungua unakuta mtu anakuuzia bima ya injini. Mume wangu alikuwa akizisoma bahasha hizo kwa sauti ya mtangazaji wa redio, tunacheka mpaka tunafuta machozi, halafu zinaingia kwenye pipa bila kufunguliwa. Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa za kweli.

Nikamuuliza yule mwanamke kifaa kipya kitapatikana lini. Badala ya kunijibu akatupa jicho kwenye televisheni ya ukutani. Mkubwa wa kampuni alikuwa anahojiwa, suti safi, mikono imekunjwa vizuri mezani. Alikuwa akieleza kwamba wanaacha kabisa kutengeneza magari madogo, kwamba faida iko kwenye pikapu kubwa, kwamba wamemwaga mtaji mwingi kwenye magari ya umeme na wanunuzi hawakuja, na sasa hawana budi kukaza mkanda. Alisema uamuzi ulikuwa mgumu lakini wa lazima.

"Aliyekuwa akiwatengenezea vile vikopo amefilisika," yule mwanamke akaniambia kwa sauti ya chini. "Aliyechukua nafasi yake anaanza na magari yanayouzwa bado. La kwako halitengenezwi tena. Miezi. Labda mwaka."

Akaniambia kampuni inatakiwa kuniazima gari kwa muda wote huo, ila ya kuazima pale kwao yamekwisha, labda nijaribu tawi la Fort Worth, na hata huko hawatampa mtu mwingine isipokuwa yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Yaani mimi.

Nilimpigia simu mama Mkongo kutoka pale pale nje, nimesimama kwenye lami inayofuka joto. Hakupokea. Kwenye ghala lao simu hufungiwa kabatini hadi zamu iishe. Nikamwandikia: "Usiendeshe hiyo gari tena. Kesho Jumamosi nakuja kuiona." Sikumwandikia sababu, maana sababu ilikuwa inaanza na mimi na pipa langu la taka. Jioni akanijibu kwa sauti, taratibu mno. "Sawa, dada. Nimesikia. Mungu akubariki." Nikashusha pumzi.

Usiku ule mume wangu alisoma kwenye simu habari za kesi iliyokuwa mahakamani. Wahandisi wa kampuni walikuwa wamewaandikia wakubwa zao kwamba vikopo vile haviaminiki. Wakubwa walijibu kwamba kubadilisha kutachelewesha kiwanda, tena muuzaji mwingine ni ghali. Niliwaona wazi kabisa, watu wazima wamekaa kwenye meza ndefu, wanakunywa kahawa, wanajua, wanaahirisha. Niliwatukana kwa Kiswahili, nikaongeza na lugha ya mama yangu.

"Lakini si uli-transfer ile title kwa jina lake?" mume wangu akauliza.

Nilimtazama, akarudi kwenye simu yake.

Asubuhi nikashika njia. Nilifika Fort Worth kabla ya saa tano, na kitu cha kwanza kuona kwenye maegesho ya nyumba zao ni gari langu la zamani linang'aa. Lilikuwa limeoshwa, magurudumu yamepakwa dawa mpaka yakawa meusi ti. Nikachungulia ndani. Limefagiliwa, na kiti cha mtoto kimeondolewa. Nikadhani amelisafisha kwa heshima ya mgeni.

Mlangoni walinipokea wote watatu. Watoto walikuwa wamevaa nguo za kanisani, na ilikuwa Jumamosi. Mezani palikuwa na sombe, kisamvu cha Kikongo, na wali, na kando ya sahani, vimepangwa vizuri, palikuwa na funguo za gari na ule mfuko wa plastiki wenye logibuku.

"Dada, motokari yako iko muzuri," akasema, bado amesimama. "Nimeisafisha yote. Kama kuko kitu nilikosea, unisamehe."

Ilinichukua muda kuelewa. Alidhani nimekuja kulichukua. Usiku kucha alikuwa amelala, kama alilala, akijua kwamba yule mtakatifu wa Stafford amebadili mawazo, na badala ya kunipigia kunisuta, ameamka mapema akaliosha. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona.

Nikamweleza yote: kikopo, vipande, barua kumi na moja, pipa. Sikujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Akacheka. Alicheka kwa nafuu mpaka akakaa chini.

"Ni ile tu?" akasema. "Mi nilifikiri unakuya kuikamata!"

Akawageukia watoto akawaambia kitu haraka haraka, na yule mdogo akachomoka mbio, akatoka na kiti chake mgongoni kwenda kukirudisha ndani ya gari. Nikamwambia mama haelewi, hiki ni kitu cha kuua mtu. Akaniambia anaelewa vizuri sana. Alikotoka, alisema, amepita njia yenye watu wenye bunduki, na watoto akiwa nao, na alikuwa anawaona kwa macho. Chuma cha ndani ya usukani hakioni.

"Utaenda kazini na nini?" nikauliza, ingawa swali hilo lilikuwa lake kuniuliza, si langu kumuuliza.

Alikuwa na zamu ya saa saba mchana. Hakuna basi linalofika ghalani, na hakuna mwenzake wa kazi anayeishi upande ule. Ukikosa mara mbili, nafasi yako inapewa mwingine. Nikasema nitamlipia teksi.

"Teksi ya leo utalipa," akasema kwa upole. "Na ya kesho? Na ya kesho kutwa?"

Nikasema Jumatatu nitawapigia simu kampuni, niwakalie kooni mpaka watoe gari la kuazima. Leo tawi lao limefungwa, kesho mimi nina zamu hospitalini. Nikala sombe yake, na ilikuwa tamu. Nikamshauri aendeshe polepole, asifuate magari kwa karibu, asogeze kiti nyuma, mbali na usukani. Akaitikia kila neno. Nikawakumbatia watoto, nikaingia kwenye gari langu jeupe, kiyoyozi kikanipuliza usoni, nikaondoka.

Nilikuwa nimeshapita mji wa Ennis, saa nzima kutoka kwake, mume wangu alipopiga simu.

"Sasa, ile gari ume-sort?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Aendeshe polepole."

"Polepole," akarudia, na safari hii haikuwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Nikatoka barabarani kwenye njia ya kwanza niliyoiona, nikasimama kando ya kituo cha mafuta. Wale wa meza ndefu niliowatukana jana yake, nini walichofanya ambacho mimi sijakifanya? Walijua, wakawa na sababu, wakasema tutaona baadaye. Mimi nilijua, tena nilimtazama mtu mwenyewe usoni na wanawe wamesimama pale, nikashiba chakula chake, nikaondoka na gari langu zima. Tena mimi nilikuwa na magari mawili kwenye jina langu. Nikapita chini ya barabara kuu, nikageuka kurudi Fort Worth.

Nilipofika, nafasi yake kwenye maegesho ilikuwa wazi. Jirani aliyekuwa anawaangalia watoto akaniambia mama ameshakwenda kazini na gari lake. Nikapiga simu nikijua imefungiwa kabatini. Ghala lenyewe sikulijua liko wapi, na jirani naye alijua tu kwamba ni mbali. Nikaegesha kwenye nafasi yake nikasubiri.

Tangu saa tisa mpaka saa moja na nusu jioni, jua la Texas bado liko juu, nilikaa pale. Kila king'ora kilichopita barabarani kiliniinua kwenye kiti. Niliomba, halafu nikaona haya kuomba. Binti mkubwa, wa miaka kama kumi hivi, akaniletea maji ya barafu, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nasubiri tu mama yake. Akaegemea mlango.

"Mama amesogeza kiti nyuma kama ulivyomwambia," akasema, bado kwa Kiingereza chake cha shuleni. "Lakini mama ni mfupi. Mguu haufiki vizuri kwenye breki."

Mama yule ananifika begani. Nilisimama naye kanisani mwaka mzima, ubavu kwa ubavu, na mimi nesi mzima nikampa dawa bila kumpima mgonjwa. Nikaishusha gilasi kwenye sakafu ya gari nikaendelea kutazama lango la maegesho.

Lile gari la kijivu likaingia taratibu. Kwa mbali sikuona mtu, niliona vidole viwili juu ya usukani na kilemba. Likasimama nyuma yangu, taa ya kugeukia inawaka, likingoja niondoke kwenye nafasi yake. Alipotambua ni mimi akazima injini, akashuka kwa kuteleza kutoka ukingoni mwa kiti, viatu vya kazi vizito miguuni, uso umekunjika kwa wasiwasi juu yangu.

"Dada? Umesahau kitu?"

"Ndiyo," nikasema. Nikampa funguo zangu, nikanyoosha mkono anipe zake.