Mirija ya Mabawe

Nilimpigia kampeni mgombea urais wa chama changu nyumba kwa nyumba, hapa Mabawe, na nilijua tumeshashinda. Kila nilipobisha hodi nilipewa mrija, nikainamia chungu cha pombe ya ndizi pamoja na wenyeji. Kwetu hunywi chungu kimoja na adui, kwa hiyo kila mrija niliuhesabu kuwa kura.

Matokeo yakabandikwa kwenye ukuta wa shule. Kura zetu hazikufika hata nusu ya mirija niliyoinyonya! Kituo chetu cha kupigia kura, kilichotupa ushindi uchaguzi uliotangulia, kilikuwa kimehamia upande wa pili bila hata kuniaga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, maana kwake nilikunywa mara tatu.

“Shikamoo, shangazi. Hata wewe?”

“Marahaba. Mrija ni wa kila anayebisha hodi,” alisema, akinisogezea chungu. “Wale wenzenu wa upande wa pili nao walikunywa hapa hapa.”

Nilikasirika, lakini nilikunywa.

Uchaguzi uliofuata kituo kikarudi kwetu. Nikaenda mbio kumshukuru shangazi.

“Nani kakwambia ni mimi?” akaniuliza, akanipa mrija.