Sabufa ya Tatu ya Mama

Hapa mtaani kwetu Kanyenye watu walishanizoea. Mwanamke mtu mzima, muuza asali, na kigari changu kikipita kinatetemesha mabati ya maduka kama gari la vijana wa matangazo. Wapo walionisema kwamba uzee unanianza vibaya. Sikuwajibu, maana kumweleza kila mpita njia kwamba sabufa ile, spika ya besi iliyo kwenye buti, si yangu, ni ya mama yangu mzazi, ni kazi ya kuchosha.

Mama masikio yamekwisha. Yalianza kidogo kidogo. Kwanza hakusikia hodi, kisha hakusikia simu, mwisho hata mimi nikimpigia kelele jikoni ananitazama midomo tu. Wajukuu wakimwamkia shikamoo anaitikia marahaba kwa kuona midomo inavyokwenda. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba nzima, na sasa akawa ananyamaza kutwa. Niliumia sana kwa kimya kile, sisemi uongo. Nyumba ilikuwa kama kuna mgonjwa.

Siku moja akapata lifti kwenye gari la jirani lenye muziki mkubwa, akashuka anacheka. Akaniambia amesikia. Hakusikia maneno, alisikia ile sauti nzito ya chini inayoingilia kwenye kiti na kupanda kifuani. Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja mjini, naulizia sabufa na amplifaya, yule baba ananitazama juu ya miwani kama nimeomba bunduki.

Mama hakutaka nyimbo. Alitaka kitu kimoja tu, ngoma ya baba. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa reli, na siku za harusi alikuwa mpiga ngoma. Mdogo wangu wa kike alipoolewa kule Bukene, baba alipiga mwenyewe, na mtu mmoja akairekodi kwa simu. Ndiyo sauti pekee ya baba tuliyobaki nayo, tumeihifadhi kwenye flashi. Mkono wake wa kushoto uliwahi kubanwa kazini, basi pigo la kushoto lilikuwa linachelewa kidogo, kila mara, kwa kiasi kile kile. Mama alimtania kwa hilo maisha yao yote. Alikuwa akimwambia mkono wake wa kulia umepanda treni ya abiria, wa kushoto unakuja na ya mizigo.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyefunga vile vyombo kwenye kigari changu, hapo hapo uani. Ni dereva wa bodaboda, na kwa maneno yake hakuna waya unaomshinda. Mama akakaa kiti cha mbele, tukaweka flashi, ngoma ikalia. Akasikiliza, akakunja uso, akanyoosha kidole juu. Ongeza.

Sasa nikueleze nyumba yetu. Kwetu mama akisema ongeza, unaongeza. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia mama kwamba inatosha, iwe chumvi, iwe kuni, iwe wageni. Sauti ya redio ilipofika mwisho, mdogo wangu akaenda kwenye buti akakizungusha kile kitufe kidogo cha amplifaya kiitwacho geini. Ngoma ikanguruma. Mama akanyoosha kidole tena. Akazungusha tena, mpaka kikagoma. Kukatoka harufu kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, kisha kimya. Sabufa ya kwanza hiyo.

Ya pili ilikwenda vile vile, ila hiyo niliiunguza mimi, njiani kuelekea Igalula kufuata asali. Mama kidole juu, mimi nasimamisha gari, nashuka, nafungua buti, naongeza. Kwa adabu zote! Tuliporudi mjini mama alishuka, akaingia ndani, akalala mchana. Siku zilizofuata hakuniomba kupanda gari. Nilipomwekea mkono begani, alisema amechoka kuvunja vitu vya watu, tuache. Hilo lilinichoma kuliko yote, maana alidhani kosa ni lake.

Na kumbe siku zote fundi tulikuwa naye. Shemeji yangu, mume wa yule mdogo wangu aliyeolewa Bukene, siku hizi wamehamia hapa mjini, na kazi yake ni kufunga redio za magari, na kibanda chake hakiko mbali na kwangu. Ni mtu wa maneno mengi na majigambo. Kila nikipita ananiuliza, shemeji, leo mmechoma nyama gani? Lakini hakuna aliyediriki kumwita, kwa sababu yeye ni mkwe wa mama. Kwa desturi yetu Wanyamwezi, mkwe wa kiume na mama mkwe wanapishana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na kukaa naye ndani ya gari moja magoti yakikaribiana, hilo mama asingelikubali, na shemeji asingelithubutu. Mdogo wangu wa kiume alisema heri sabufa iungue kuliko kumvunjia mama heshima. Mimi nikamwambia heshima gani hiyo, mama ananyamaza ndani kama mfungwa? Tukagombana, nikapeleka gari kwa shemeji.

Alipofungua boneti alicheka mpaka akakaa chini. Ule waya tuliovuta kutoka kwenye betri ulikuwa wa kuwashia taa za nyumbani, mwembamba, hauna hata fyuzi. Waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi ya gari, mdogo wangu aliufunga juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Basi amplifaya ilikuwa na njaa, shemeji alisema, na mtu mwenye njaa ukimlazimisha aimbe kwa nguvu atapiga kelele tu. Kelele hizo ndizo zilizounguza koili, ule waya uliosokotwa ndani ya sabufa. Nikamwambia apunguze hadithi, afanye kazi.

Alifanya, na alifanya vizuri, sharti nimpe haki yake. Akavuta waya mnene wa shaba moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi pale pale karibu yake, ili waya ukichubuka njiani gari lisiwake moto. Mahali unapopenya bati akauvisha mpira. Ethi akaikwangulia rangi mpaka bati likang'aa, akaikaza kwa nati. Waya za sauti akazipitisha upande wa pili wa gari, mbali na ule wa umeme. Sabufa ya tatu ilikuwa ya mwisho dukani kwa Mhindi, na nilikwisha kuapa kwamba hii ikiungua, basi, nakubaliana na mama, tunaacha.

Ikabaki geini. Hapo shemeji akaacha mizaha. Akanieleza kwamba kile kitufe si cha sauti, na hapo ndipo wengi wanapounguza. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, kama mimi ninavyochagua mrija wa kumiminia asali kulingana na mdomo wa chupa. Ukiweka mkubwa kuliko mdomo, asali haiingii zaidi, inamwagika tu. Halafu akakuna kichwa. Akasema angeweza kuipanga kwa masikio yake, lakini msikilizaji si yeye. Mama lazima awemo kwenye kiti.

Jumapili baada ya adhuhuri tukalipeleka gari uani kwetu. Mama alikataa, nikambembeleza, akakataa tena, mwishowe akatoka na khanga yake akakaa kiti cha mbele, uso ameukaza. Shemeji alikuwa nyuma, kwenye buti, ameinama, mgongo ameuelekeza kwa mama. Mimi nikasimama katikati, ubavuni mwa gari, mjumbe wa pande mbili. Akaniagiza niwashe injini, maana betri peke yake hulegea. Akashusha geini mpaka chini kabisa, akazima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Nikapandisha redio mpaka ilipoanza kukwaruza, nikairudisha nyuma kidogo, akanikataza kuigusa tena. Kisha akaanza kupandisha geini, taratibu, taratibu, huku kiganja kakiweka juu ya sabufa.

Ngoma ikaingia. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyozoea, nami nikajua mama hatasikia kitu. Ikapanda. Ikanenepa. Ikafika mahali ikakoroma kidogo tu, shemeji akairudisha nyuma, akaiacha.

Mama akanyoosha kidole juu.

Nilimtazama shemeji. Hakugeuka, ila alijua, kwa jinsi nilivyonyamaza. Mkwe kumkatalia mama mkwe ombi, mbele ya watoto wake! Mdogo wangu wa kiume alikuwa mlangoni mwa nyumba ameshika kichwa.

"Mwambie mama," shemeji akasema, akitazama bisibisi yake, "hapo panatosha."

Neno hilo halikuwahi kusemwa kwetu. Na kulifikisha ilikuwa kazi yangu. Nikainama dirishani, nikamwonyesha mama kiganja kikiwa chini, nikatamka polepole aone midomo. Panatosha.

Mama alinikazia macho. Kisha akaushusha mkono wake na kuuweka kwenye mlango wa gari, kwa hasira nadhani, mahali sabufa inapotetemesha bati. Akatulia. Akafumba macho. Nikaona kidole chake kimoja kinaanza kugonga mlango, halafu kingine kinafuata nyuma yake kidogo. Kikagonga, kingine kikafuata.

"Huyu mwanamume," mama akasema kwa sauti, sauti yake ya zamani ya kuita watu kutoka uani, "bado anachelewa."

Ndipo nilipoelewa zile ongeza zake zote. Alikuwa anautafuta mkono wa kushoto wa baba. Na sisi kila tulipoongeza tuliufukia zaidi ndani ya ngurumo, mapigo yote yakawa uji mmoja. Niliegemea gari nikalia na kucheka pamoja, sikujali nani ananiona. Mdogo wangu wa kiume alikwenda nyuma ya nyumba, akajifanya anatafuta ndoo.

Ngoma ilipokwisha nilitaka kuirudia, mkono wangu ukaenda kwenye redio kwa mazoea, kwenye kile kitufe cha sauti. Mama akaupiga kofi.

"Mwambie mkwe wangu amefanya kazi," alisema. "Na asiguse mtu hapo."

Shemeji alisikia kila neno, lakini alingoja nimfikishie. Nikamfikishia.