Dirisha Nililosahau Kulionyesha

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu yangu ni mjomba. Ndiye anayetunza daftari la majina ya wazee wetu waliotangulia, yale anayoyasoma siku ya tambiko. Presha ya macho ilipomwanza, daktari wa mjini alisema kilichopotea hakirudi. Mimi, form four na kibanda changu cha kutengeneza simu pale Mwembesongo, nikajisemea: huyu daktari hajui kompyuta.

Nikajifunza kuandika programu kwa kutazama video. Nilitengeneza dirisha moja tu la kwenye kompyuta, lenye majina yale. Mwanzo lilifunguka dogo, katikati ya kioo. Nikaliamuru lijae kioo kizima. Mkono wa mjomba ukagusa alama ya kufunga, likapotea. Nikauondoa ukingo wote wa juu. Kila nilipopanda kwake Matombo na laptop mgongoni, nilikuwa nimekuza herufi. Yakaenea majina matano kwa wakati mmoja, kisha mawili, mwisho moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na sinema yako?"

"Ninayo. Safari hii utasoma hata ukiwa jikoni."

Mkewe alikuwa anamenya ndizi, akacheka. "Miaka yote hii mimi hajanisomea hata barua."

"Barua zako zote zilikuwa za kuomba kanga," mjomba akamjibu. "Nisome nini?"

Dirisha lilikuwa na tabia ya kumulika weupe kabla ya majina kutokea, nikaona litamuumiza. Basi nilikuwa nimeliamuru lijifiche kwanza mpaka kila kitu kikae sawa. Nikamwekea laptop mezani, nikaiwasha programu, nikaenda kunawa miguu.

Niliporudi alikuwa anasoma. Kwa sauti, taratibu, kidole kikitembea juu ya kioo, jina baada ya jina. Moyo ukanijaa. Nikamsogelea kwa nyuma niione kazi yangu.

Kioo kilikuwa cha buluu, na alama ya kapu la taka pembeni. Hakukuwa na dirisha. Nililiamuru lijifiche, nikasahau kuliamuru lijionyeshe.

"Leo maandishi yametulia," mjomba akasema. "Umeweza, mpwa wangu."

Nikamtazama mkewe. Aliinamia ndizi zake, hacheki tena. Alikuwa anajua. Labda tangu yale majina matano.

"Ngoja nirekebishe mwanga kidogo, mjomba."

"Rekebisha tu, mimi naona vizuri."

Nikaandika amri iliyokosekana, mstari mmoja mfupi. Dirisha likaja, likajaa kioo chote: jina la bibi yake mjomba, herufi nyeupe ndefu kama vidole. Nikamrudishia.

Akaweka kidole juu ya jina lile, akaendelea alipoishia. Akasoma jina la mtu mwingine.