Kikombe cha Kila Asubuhi

Beatrisi akipotelewa na ufunguo husema Mungu aliyewatoa Waisraeli Misri hashindwi na ufunguo. Umeme ukikatika husema hivyo hivyo. Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Usagara, Tanga, na kwenye kwaya tunaimba sauti moja, kwa hiyo Waisraeli hao nimewasikia mpaka nimewazoea kama wapangaji wenzangu.

Lakini kwa habari ya mwanawe Mathew hakuwa akizungumza kwa mazoea. Beatrisi aliteremka kutoka milima ya Usambara akiwa bibi harusi, mumewe akifanya kazi shamba la mkonge, na Mungu akawapa mtoto huyo mmoja tu. Mume alifariki, na mtoto akaingia kwenye unga wa kulevya. Aliuza baiskeli ya marehemu baba yake, akauza hata mabati ya jiko la uani, na mtaani watu wakaacha kumwita mama yake Mama Mathew wakaanza kumwita Mama Teja. Beatrisi alikuwa akienda gengeni anajifunika khanga usoni.

Ukombozi ulipokuja haukuja kama tulivyouombea. Sisi tulisubiri bahari ipasuke. Kumbe ulikuja kwa mguu wa Luqmani, mtoto wa Zuwena wa nyumba ya tatu, aliyekuwa teja vilevile. Luqmani alianza kwenda kliniki moja ya serikali kunywa dawa inayoitwa methadoni, kisha akamvuta na Mathew. Kila asubuhi mnapewa kikombe kidogo, mnakunywa mbele ya nesi, hairuhusiwi kubeba nyumbani. Kesho yake mnarudi. Mathew akaanza kunenepa. Akafungua kijiwe cha kutengeneza baiskeli, na ajabu ni kwamba watu walimwachia baiskeli zao wakaenda zao sokoni bila wasiwasi.

Hapo ndipo anapoingia Mwinjilisti Hosea. Si mtu mbaya, na niseme hivyo mapema kabla sijakasirika. Kwaresima nzima alitufundisha kitabu cha Kutoka, na kwa Jumapili ya ushuhuda alitaka mtu wa kusimama mbele, mtu aliyeonja utumwa mwenyewe. Akaenda kwa Beatrisi, akala bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki akashiba, akasema Mathew ndiye Mwisraeli wetu. Ila kuna jambo moja, kile kikombe. Aliyevuka bahari, alisema, haendi tena kila asubuhi kunyweshwa na Farao. Mathew akisimama madhabahuni na dawa tumboni, watu watasema amehama tu kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine.

Beatrisi alikuja kwangu amevurugika. Nesi alikuwa amemwambia kuacha dawa hiyo ni kwa mpango wa daktari, polepole, pengine miaka. Miaka! Sasa mtu aliyefunguliwa anafunguliwa kidogo kidogo? Nikamwambia mimi nameza vidonge vya presha tangu wajukuu hawajazaliwa na hakuna aliyeniita mtumwa. Akanijibu kwamba presha yangu haijamuuzia mtu mabati. Na ni kweli.

Aliyekata shauri ni Mathew mwenyewe. Alisema mama yake amelibeba lile jina baya muda wa kutosha, na kama ushuhuda utalifuta, yeye atasimama bila dawa. Ijumaa asubuhi Luqmani akapiga kengele ya baiskeli nje kama kawaida. Beatrisi akatoka akamwambia aende peke yake. Mchana Zuwena akaja, hakukaa hata kitako.

"Nabii Musa hata sie twafunga Ashura kwa ajili yake," akasema. "Lakini mtoto utamtesa, Mama Mathew. Mie wangu nilimuona alipokosa dawa. Usingetaka kumtazama."

Jumamosi tukaona. Mathew alipiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vikimtoka, amejifunika blanketi katika joto hili la Tanga ambalo hata mbwa hutafuta sakafu ya saruji. Miguu ilikuwa ikipiga kitanda yenyewe. Alasiri akaanza kutazama dirishani kuelekea ile kona aliyokuwa akinunua unga zamani. Kisha akamwita mama yake, akamwomba amfungie mlango na ufunguo akae nao yeye. Beatrisi akamfungia. Alisimama barazani ameushika ufunguo ule, na safari hii hakuwataja Waisraeli.

Hosea alikuja jioni kufanya mazoezi ya ushuhuda. Akakuta mlango umefungwa na Beatrisi amekaa nje na Biblia. Alikuwa amesoma kupita pale Mwinjilisti alipoishia kutufundisha, ng'ambo ya bahari, jangwani. Hakuuliza kwa ujeuri; namjua, alitaka kujua.

"Mwinjilisti, hii mana waliokota kila asubuhi, na aliyeilaza mpaka kesho ikaoza. Wakala mpaka mipaka ya Kanaani. Hapa walikuwa wameshatoka utumwani, au bado?"

Hosea akasema walikuwa wametoka.

"Basi mbona walikuwa hawawezi kupitisha siku bila hicho kitu?"

Akaanza kueleza kwamba mana ilitoka mbinguni na dawa imetoka kiwandani. Ndani, miguu ikawa inapiga kitanda. Akakatiza maelezo, akasikiliza.

"Sijui, Mama Mathew," akasema. "Ila kanisani nimeshatangaza."

Hapo nilikasirika, nikamwambia tangazo hutanguliwa na akili. Aliondoka bila kuaga. Baadaye nilijuta kidogo, maana na mimi nilikuwa sijui. Kama kuacha dawa ni uhuru, kwa nini anafungiwa mlango? Na kama kikombe ni utumwa, mbona akikinywa ndipo analala na mlango wazi?

Jumapili nilivaa sare ya kwaya nikawapitia. Beatrisi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na Mathew shati lililopigwa pasi, midomo imekauka, amemwegemea mama yake. Tulifika njia panda. Kushoto kanisa, na kengele ilikuwa inalia, kulia kliniki. Beatrisi akasimama. Bajaji ikaja, dereva akauliza tunaelekea wapi, na hakuna aliyemjibu mpaka akataka kuondoka. Ndipo Beatrisi akaitaja kliniki. Aliitaja huku analia. Njiani kote alikuwa akiniuliza kama anamrudisha mtoto Misri, na mimi nilimshika mkono tu.

Nesi alimgombeza Mathew kwa siku alizokosa, daktari akamtazama, kisha akaruhusiwa kwenda kwenye dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, Luqmani akiwa nyuma yetu. Nesi akamimina, Mathew akanywa. Utaratibu wao ni kwamba ukishameza lazima useme neno, ili wahakikishe hujaficha dawa mdomoni. Wengine husema asante, wengine hutaja jina.

"Ongea," nesi akamwambia.

Mathew akajinyoosha ndani ya lile shati. Nadhani ushuhuda ulikuwa umemkaa mdomoni tangu usiku.

"Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi Mathew nilikuwa mtumwa."

Akakwama. Nesi aliacha kuandika. Foleni nzima ikamgeukia, Waislamu kwa Wakristo, na Beatrisi akasahau kwamba hapa si kanisani.

"Na sasa, mwanangu?"

Mathew alikitazama kile kikombe kitupu, akamtazama mama yake.

"Sasa nitarudi kesho, Mama."