Masaa Tisa ya Bwana Futi

Watu walimwita Bwana Futi, kwa sababu alipima viwanja miaka thelathini na nne na hakuna aliyewahi kumkamata amekosea hata sentimita moja. Alipostaafu, akija kwako kunywa chai, macho yake yalianza na kona za ukuta. Ukuta ukiwa umepinda utaambiwa, upende usipende.

Mtu wa namna hiyo nani atamwambia amekosea? Mkewe alithubutu, lakini mkewe alifariki alfajiri moja, miaka sita iliyopita, akazikwa kesho yake mchana. Binti yao pekee, muuguzi katika nchi ya mbali, alifika jioni, kaburi limeshafunikwa. Mzee alimkabili mlangoni, mkoba bado uko mkononi. Alikuwa ameshapima kwa uzi juu ya tufe la ramani ya dunia: kilomita elfu nane na mia moja. Ndege hukata mia tisa kwa saa. Hesabu imekwisha.

"Masaa tisa tu! Mama yako amekungoja tangu jana. Ulikuwa wapi?"

"Baba, ndege zenyewe..."

"Usinifundishe vipimo mimi!"

Binti alilala kwa jirani, asubuhi akaondoka. Tangu hapo, kimya. Hasira hasara, na hasara ya mzee ilikuwa nyumba ya vyumba vinne yenye sahani moja mezani. Redio aliiwasha mapema ili pawe na mtu anayeongea.

Mwaka huu moyo wake ulilainika. Akaamua kusafiri kwenda kumsamehe mwanawe. Ndiyo, kumsamehe, na koti akavaa. Akaingia ofisi ya tiketi, akamwambia dada wa kaunta anataka ile ndege ya masaa tisa.

"Hiyo haipo, mzee wangu. Hakuna ya moja kwa moja. Utaruka masaa sita, utasubiri kiwanjani masaa kumi na moja, halafu ndiyo uruke hayo tisa. Jumla ishirini na sita."

"Tangu lini?"

"Mimi hapa nina mwaka wa kumi, haijawahi kuwa vinginevyo."

Mzee alihesabu pale pale kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kutoka alfajiri ile hadi jioni ya kesho yake, toa ishirini na sita, toa muda wa kutafuta tiketi na wa kwenda na kutoka kiwanjani: hakikubaki kitu. Akakumbuka viatu vyeupe alivyokuja navyo binti. Vilikuwa vya kazini. Mtoto hakupita hata kwake kubadili.

Alitoka, akakaa kwenye ngazi, aibu imemjaa. Akapiga simu.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Mzima. Mwanangu, nilikosea. Ni masaa ishirini na sita. Sikumwuliza mtu. Nisamehe."

Binti alikuwa analia, mzee alisikia.

"Nilitaka kukuambia, baba."

"Nilikukatiza. Niko hapa kwa watu wa tiketi. Nije?"

Maishani mzee hajawahi kungoja jibu namna ile.

"Nimekusikia, baba. Ila usije. Bado sina nguvu ya kukutazama usoni."

"Lini, mwanangu?"

"Sijui, baba. Sijui kabisa."

Akasema sawa, maana angesema nini? Kisha akanyanyuka, akarudi ndani kumwomba radhi dada wa kaunta kwa kumpotezea muda.