Kamba ya Shangazi Kavugho

Shangazi yangu Kavugho ana mfereji kwenye paji la uso. Umechimbwa na kamba, ile inayovaliwa pajini kubebea mizigo mgongoni, tangu akiwa msichana wa Vuhovi mpaka leo anapouza viazi sokoni Butembo. Ukimpunja atakuonyesha mfereji huo kwanza, kisha ndipo akutukane.

Babu yake alikamatwa na askari wakati wa vita vile vya kwanza vya Wazungu, akabebeshwa vyuma vya meli ya kivita iliyofunguliwa vipande vipande ili ivushwe milimani hadi ziwani. Hakurudi. Kwetu mtu akipotea hivyo, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Bibi, mkewe, alikataa katakata: yeye halilii ndizi. Akafa akisubiri, na Shangazi akarithi deni la kumzika mzee.

Mwaka jana binamu yetu Zacharie, anayeleta vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, alituambia meli ile bado ipo huko. Imepandishwa ufukweni, imegeuzwa makumbusho. Shangazi akasema anataka kutu yake kidogo tu, akaizike mahali pa mzee. Tukaenda.

Mwongozaji alituonyesha mzinga, akatuonyesha kitanda cha kapteni, hata kikombe chake cha chai. Shangazi akauliza:

"Na bale balibeba iyi bateau?"

"Wapagazi? Walikuwa wengi, mama. Majina yao hayakuhifadhiwa."

Kikombe kimehifadhiwa! Kikombe! Nilitamani kukipasua pale pale.

Shangazi alifungua kamba yake ya mizigo, aliyojifunga kiunoni, akaanza kuusugua ubavu wa meli, kwa kamba na kwa kucha, kutu ikimjaa kiganjani. Mlinzi akaja mbio.

"Mama! Hii ni mali ya urithi, haiguswi!"

"Urithi ya nani? Mulikamata mutu muzima, lakini kutu munaninyima?"

Walinzi wawili wakamkokota mpaka bombani, mama mzima mwenye wajukuu, wakamnawisha mikono kwa nguvu kama mtoto aliyechezea matope. Kutu yote ikaenda na maji. Niliwatukana kwa Kinande, nikaongeza Kifaransa, nikamalizia na Kilingala cha wanajeshi, na sijutii hata neno moja. Wakatusukuma nje ya geti. Mmoja akamrushia Shangazi kamba yake.

"Chukua na uchafu wako!"

Kamba ilikuwa nyekundu kwa kutu. Hawakuiangalia hata kidogo. Kwao ilikuwa kamba ya mwanamke wa shamba tu.

Tuliizika Vuhovi, katikati ya migomba ya bibi. Mchungaji alipofungua kinywa kuomba, Shangazi alimwinulia mkono asubiri kwanza. Akapiga magoti kando ya shimo.

"Sokulu," alimwita babu yake, "tua chini sasa ile muzigo. Ilikuwa yabo. Hapana yetu."